Uongozi wa Kibao

Nani anatawala jengo la ghorofa nne kule Stuttgart? Si mwenye nyumba. Huyo hatukuwahi kumwona. Ni kibao.

Tulikwenda Ujerumani kujitolea kupitia weltwärts, mpango wa serikali yao ulioanza 2008 kwa kuwatuma vijana wao kwetu, na kuanzia 2013 ukapokea na wa kwetu. Semina ya kutuaga ilituahidi kwamba tungejifunza uongozi. Mchana tulisukuma wazee kwenye viti vya magurudumu na kugawa kahawa. Uongozi wenyewe ulitusubiri kwenye ngazi.

Jumatatu moja mwenzangu, kijana wa Tanga, alikuta kibao cha mbao kimetundikwa mlangoni kwetu. Kwao, kitu kikitundikwa mlangoni bila kukiomba, ama ni deni ama ni heshima; na deni hakuwa nalo. Akakipiga picha, akaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Pongezi zikamiminika. Shangazi akaandika kwamba nyota ya mtoto huyu aliiona tangu chekechea.

Kumbe ilikuwa zamu yetu ya kufagia na kupiga deki. Wenyewe wanaiita Kehrwoche, nayo si ya jana: mwaka 1492, Columbus akihangaika baharini, Stuttgart ilikuwa inawaamuru wakazi wake waondoe samadi kila wiki. Kuna zamu ndogo, ya ngazi za ghorofa yako, na kubwa, ya njia ya kuingilia, vyumba vya chini na theluji ya nje. Cheo hakiangaliwi. Daktari wa ghorofa ya tatu nilimkuta anakamua tambara, mikono ya shati imekunjwa, na hakuna aliyemwambia “pole”. Kwetu mkubwa akishika ufagio, kamera huwa zimeshafika, na ufagio huwa mpya.

Mkaguzi alikuwa bibi wa ghorofa ya chini. Hakuchaguliwa wala hakulipwa, lakini hata balozi wetu wa nyumba kumi angempa shikamoo mbili. Alipitisha kidole kwenye kishikio cha ngazi, akakitazama kidole, akamtazama mwenzangu, akaingia zake ndani. Ngazi zikapigwa deki upya, zote.

Jumapili kibao kikahamia kwa jirani. Mwenzangu akaliarifu kundi kwamba muda wake umekwisha. Baba yake mkubwa, mtu wa siasa, akauliza kama katiba ya jengo hairuhusu kuongezewa muhula mmoja.