Oili Iliyobadilishwa Kabla Gari Halijazaliwa

Historia ya oili ya gari lililotumika hutafutwa mahali pane: kwenye kompyuta ya gari, kwenye karatasi zake, ndani ya injini yenyewe, na mdomoni mwa muuzaji. Mdomo ndio hujibu haraka kuliko vyote. Huanza na mama mmoja mwalimu aliyekuwa akilitumia gari kwenda kazini na kanisani tu, na kulifanyia servisi kila kilomita 3,000 bila kukosa. Ukizihesabu yadi za Dar es Salaam, mama walimu waliowahi kumiliki magari na kuyauza yakiwa mazima wanatosha kufungua shule kila mtaa. Ndiyo maana mnunuzi anayezionea uchungu fedha zake siku hizi haendi yadi peke yake. Huenda na mashine.

Kwa lugha ya gereji, mashine ni kifaa chochote kinachochomekwa kwenye gari kikatoa maandishi. Ya fundi huwa kama tableti yenye gamba nene la mpira, na hubebwa kwa heshima kama msahafu. Ya mnunuzi ni kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachoongea na simu kwa bluetooth. Vidude vingi vya namna hii huitwa ELM327, jina la chipu iliyobuniwa na kampuni ya ELM Electronics ya Kanada, kisha ikanakiliwa na watu wengi kiasi kwamba kuipata halisi ni kazi kuliko kupata gari lenye servisi.

Mahali pa kuchomeka ni soketi yenye matundu 16, pana juu na nyembamba chini, iliyofichwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo yote kuanzia 1996. Ulaya ikafuata, magari ya petroli 2001 na ya dizeli 2004. Magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 yana tabia yake: mengine yana soketi hiyohiyo, yenye umbo lilelile, lakini kompyuta iliyo nyuma yake haizungumzi lugha ya mashine. Mashine huingia vizuri, taa yake huwaka, kisha hutafuta, hutafuta, na mwisho husema hakuna gari. Mnunuzi amelikalia.

Kuifikia soketi ni zoezi la viungo. Kichwa huingia karibu na pedali ya breki, miguu hubaki nje, na tochi ya simu huumulika uso badala ya dashibodi. Mtu mwenye kitambi hufanya kazi hii kwa kupapasa, na kwa kupapasa huko wapo waliofungua boneti, wapo waliofungua tangi la mafuta, na yupo aliyebaki na plastiki mkononi akatafuta kwa dakika kumi ilikotoka. Mlinzi wa yadi hujifunza mapema kwamba jozi ya miguu inayotoka mlangoni si ya mwizi.

Baada ya hapo ni kuunganisha simu. Namba ya siri ni 1234, na ikikataa ni 0000. Usiri wake unaishia hapo. Taabu iko kwenye jina. Vidude hivi vyote hujitambulisha kwa jina moja, OBDII, kama watoto wa shule wanaoitika "mimi" mwalimu anapouliza nani kavunja dirisha. Katika gereji yenye magari matatu yaliyochomekwa, simu hushika la kwanza litakaloitika. Mnunuzi mmoja alikagua gari kwa robo saa na kuridhika: joto la injini nyuzi 92, mzunguko umetulia, hakuna hitilafu. Alipoinua kichwa kumpongeza muuzaji ndipo alipogundua kwamba gari alilokalia halijawashwa. Lililokuwa zima ni la jirani, na la jirani haliuzwi.

Fundi akishapata mawasiliano hutangaza idadi ya kodi, na neno hili limeshusha presha za watu. Anayelisikia kwa mara ya kwanza, kwamba gari lina kodi tatu, huwaza mamlaka ya mapato, riba na faini. Kumbe ni alama za hitilafu tu, herufi moja na tarakimu nne. Na fundi anapoongeza kwamba anaweza kuzifuta zote kwa dakika moja, hapohapo, uso wa mnunuzi hung'aa kwa furaha isiyo na msingi wowote wa kisheria.

Katika kodi hizo, historia ya oili haimo. Hili ndilo jambo ambalo wauza mashine hawalisemi na wanunuzi hawaliulizi. Mfumo huu wa soketi na kodi uliwekwa ili kudhibiti moshi, yaani gari lijue lenyewe linapoanza kuchafua hewa. Orodha ya vitu ambavyo kila gari linatakiwa kuvitaja ni ndefu: kasi, joto la maji, hewa inayoingia, umeme wa betri. Lini oili ilibadilishwa, kwa kiasi gani na ya namba ngapi, hayo hayamo. Mashine ya bei ndogo ikiulizwa habari za oili hukaa kimya, na kimya hicho muuzaji hukitafsiri kuwa ni usafi.

Hata hivyo zipo dalili za pembeni, na hapa mashine hulipa gharama yake. Kodi P0011 husema mhimili wa valvu za kuingiza hewa umetangulia kuliko unavyotakiwa. Kwenye injini zenye valvu zinazopangwa kwa nguvu ya oili, kama VVT-i za Toyota, sababu mojawapo ya kawaida ni oili chafu iliyoziba vijia. Gari haliwezi kusema halikufanyiwa servisi, lakini linaweza kukohoa.

Dalili nzuri zaidi ni ile ya kilomita tangu kodi zifutwe. Kodi zikifutwa, kompyuta huanza kuhesabu upya umbali, hesabu inayoweza kufika 65,535, na pia huhesabu mara ngapi injini imepata moto tangu siku hiyo, hadi 255. Gari ambalo "halijaguswa na fundi tangu litoke bandarini" huonyesha kilomita 2, na injini imepata moto mara moja. Kilomita 2 ni umbali wa kutoka kwa fundi umeme hadi yadi. Ni haki kumtetea muuzaji kidogo hapa, kwa kuwa betri ikichomolewa magari mengi nayo husahau, na magari yaliyokaa bandarini huchomolewa betri. Lakini muuzaji mwenye haki hiyo angeitaja mwenyewe, bila kuanza kumtafuta kijana wa kuosha magari kwa sauti kubwa.

Magari yanayotunza kumbukumbu ya servisi yapo, na mengi ni ya Ulaya. Kwenye Volkswagen na Audi nyingi, kompyuta ya dashibodi huhifadhi kilomita na siku zilizopita tangu servisi ya mwisho, na mashine inayozijua gari hizo huzitoa. BMW hupanga servisi kwa vipengele, oili peke yake na breki peke yake, na baadhi ya matoleo yake huonyesha kwenye skrini orodha ya servisi zilizopita. Mercedes-Benz nyingi za miaka ya karibuni hazina tena kijitabu cha karatasi. Rekodi iko kwenye seva ya mtengenezaji, na anayeiandika ni gereji yenye ruhusa ya kuingia humo.

Lakini kinachosomwa humo ni kidole cha fundi. Ni magari machache yenye kihisio kinachoionja oili yenyewe. Mengine huhesabu tu tangu mtu alipobonyeza kwamba imebadilishwa. Audi iliyomwagiwa oili nzuri kila baada ya miezi minne chini ya mwembe, na fundi asiye na mashine, huonekana kwenye rekodi kama yatima. Nyingine, iliyobonyezwa mara sita bila nati hata moja kulegezwa, huonekana kama mtoto wa waziri. Kwenye Toyota nyingi zenye taa ya matengenezo hata mashine haihitajiki: hushikiliwa kitufe cha kilomita za safari huku ufunguo ukizungushwa, na taa inayoudai ubadilishaji wa oili huzimika. Deni halijalipwa, ila mdai amepelekwa likizo.

Ajali kubwa kuliko zote hutokea kwenye mashine ya tableti. Menyu yake ina picha: injini, breki, betri, na tone la oili. Mnunuzi aliyekuja kutafuta historia ya oili akiliona tone, moyo hutulia. "Gonga hapo kwenye oili, fundi, tuone." Fundi hugonga. Mashine huuliza swali kwa Kiingereza. Fundi, ambaye tangu ainunue hajawahi kuijibu hapana, hujibu ndiyo. Mstari wa kijani hujaa taratibu, mashine hulia kama friji lililoachwa wazi, na dashibodi hutangaza kwamba servisi ijayo ni baada ya kilomita 15,000. Lile tone lilikuwa la kuanzisha hesabu upya. Kwa mujibu wa kumbukumbu za gari, oili imebadilishwa sasa hivi, mbele ya mashahidi watatu, na hakuna aliyechafua mikono. Aliyekuja kuisoma historia ameiandika mwenyewe. Muuzaji naye, mtu mwepesi wa kufikiri, huongeza kwenye tangazo lake jioni hiyo: servisi mpya, mashine imethibitisha.

Rekodi ya kompyuta ikishaharibika hivyo, hubaki karatasi. Gari lililotoka Japani moja kwa moja huja na utajiri ambao wengi huutupa pamoja na harufu ya sigara: kijitabu cha matengenezo ndani ya droo ya dashibodi, na stika ndogo ya oili kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Maandishi ni ya Kijapani, ila tarakimu ni zetu, na tarakimu ndizo huleta balaa. Mnunuzi mmoja wa gari la mwaka 2015 aliikuta stika yenye 28.6.14 na kilomita 21,300. Akasoma tarehe 28 Juni 2014. Kwa hesabu hiyo oili ilibadilishwa mwaka mmoja kabla gari halijazaliwa. Muuzaji, badala ya kushtuka, alisema Wajapani ni watu wa kujiandaa.

Maelezo yake ni mepesi. Wajapani huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na miaka wanaweza kuihesabu kwa zama za mfalme wao. Zama za Heisei zilianza 1989, hivyo mwaka wa 28 ni 2016, na stika ile ilikuwa ya tarehe 14 Juni 2016. Zama za Reiwa zilianza tarehe 1 Mei 2019, kwa hiyo 3 kwenye stika ni 2021. Hesabu hii ya vidole huokoa fedha kuliko mashine nyingi, kwa kuwa kilomita za kwenye stika huwa hazikumbukwi na wanaorudisha mita nyuma. Dashibodi inasema 64,000, stika ya mlangoni inasema 118,000, na mlango hauna sababu ya kudanganya.

Gari lenyewe pia huongea, lakini halisemi ya oili. Kila likiwashwa, sauti ya dada wa Kijapani hutoa taarifa ndefu na ya upole, ambayo mara nyingi ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Wapo waliosafiri naye miaka mitano wakidhani anawatakia safari njema.

Mwisho hufikiwa pale ambapo ukaguzi ungepaswa kuanzia, kwenye kijiti cha kupimia oili. Hakihitaji betri wala namba ya siri. Injini huzimwa, gari likiwa mahali tambarare, husubiriwa dakika chache. Kijiti huchomolewa, hufutwa, hurudishwa, huchomolewa tena. Weusi peke yake si kosa, kwani oili ya dizeli hugeuka nyeusi mapema hata ikiwa mpya. Rangi ya chai ya maziwa ni msiba: maji yameingia. Harufu ya petroli nayo si njema. Kifuniko cha oili hugeuzwa, na kikionekana na tope zito jeusi kwa ndani, mama mwalimu ameumbuka. Kifutio kinachotumika kwa kazi hii, kwa desturi isiyoandikwa popote, ni leso nyeupe ya mnunuzi, kwa sababu kitambaa cha fundi kiko kwenye gari lingine.

Na kwa kuwa kompyuta haikusema, stika ilichanganya na kijiti kilitia shaka, hufanyika lile ambalo lingefanyika hata bila mashine: gari hununuliwa, hupelekwa gereji siku hiyohiyo, na oili yote humwagwa. Fundi huingia uvunguni na beseni, hulegeza nati, na mkanda mweusi hushuka ukimeta. Filta mpya hufungwa, hesabu ya dashibodi huanzishwa upya, safari hii kwa haki. Oili ya zamani humiminwa kwenye dumu la lita tano na kuwekwa kando ya mlango, ambako huchukuliwa kabla ya magharibi na seremala wa jirani. Historia iliyosakwa kwa saa tatu hupakwa kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa.