Anapanda, Havuni

Nia yangu ilikuwa njema: kuwatungia wanafunzi wangu wa hapa Kasongo chemshabongo ya mambo ya jukwaani. Nikachora visanduku kwa rula nyuma ya kalenda ya zamani, nikaitundika sebuleni niwajaribu kwanza watu wa nyumbani. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, ilisimama wima. Mufwankolo wa Lubumbashi akakatiza katikati. Kundi lake, mwaka 1986, lilijenga mchezo mzima juu ya msemo mmoja tu, kwamba madaraka huliwa mazima. Nami nikajiona mtunzi.

Fumbo la kwanza: *Anapanda kila jioni, havuni hata siku moja. Herufi tisa.*

Jioni hiyo shemeji akaingia kutoka Kabambare, vumbi hadi kwenye kope. Msimu ule mpunga wake wote uliliwa na ndege. Hata maji hakunywa. Macho yalikwama ukutani.

"Mwalimu, mbona umeniandika?"

"Si wewe, shemeji. Ni mwigizaji. Anapanda jukwaani."

Akahesabu kwa vidole. Kwa bahati mbaya, jina lake nalo lina herufi tisa.

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko, akaomba asomewe la pili: *Humo wote hufa, kisha huenda kula. Herufi sita.* Nikasema haraka: tanzia! Akauliza chakula hicho cha wafu kitapikwa na nani, kama si yeye.

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Hawakusema mtunzi akimbilie wapi mwerevu akiligangua kwa jibu lake mwenyewe.

"Narudi Kabambare usiku huu huu," shemeji akanguruma. Akavuta pazia la mlango kwa hasira. Msumari ukang'oka, ufito ukafuata, kitambaa chote kikamfunika kichwani. Kimya. Watoto walikuwa bado wamekodolea la tatu: *Likianguka, watu hupiga makofi.*

"Pazia!" wakapiga kelele, na makofi juu yake.

Ndani ya kitambaa mabega yakaanza kutikisika. Shemeji alikuwa wa kwanza kucheka.

Usiku akachinjiwa kuku. Firigisi mama mkwe akampa yeye, nzima. Nilipoitupia jicho, mke wangu akanisogezea sahani yangu.

"Hii yako, mtunzi. Herufi sita."

Ilikuwa shingo.