Noah Katika Kijia cha Mgeta

Binamu yangu aliyeko Birmingham alinitumia video ya mzee wa Kiingereza akigeuza mashua ndani ya mfereji. Mashua zao za mifereji ni nyembamba ajabu: upana mita 2 na kidogo, urefu unaweza kufika mita 21, na mfereji wenyewe sehemu nyingi hauiruhusu mashua kukaa ubavu. Wachimbaji wa zamani walilijua hilo, wakaacha vidaka ukingoni, hapa na pale. Unachomeka omo humo, tezi inazunguka, unamalizia kwa upondo. Mzee alifanya yote peke yake, kimya, kikombe chake cha chai kikiwa juu ya paa, na hakikumwagika.

Niliitazama mara tatu kwa wivu. Sisi wa mji kasoro bahari hatuna mashua. Tuna Noah.

Masika yaliyopita nilimpeleka mjomba Mgeta kwenye kikao. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kubishana naye, hata kama hajawahi kushika usukani maishani. Tuliacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, tukapanda hadi tukaipita Langali. Mbele kidogo akaonyesha kijia. “Ingia hapo, mpwa wangu. Gari zinapita.”

Kumbe alimaanisha pikipiki. Hatua mia 3 mbele mlima ulikuwa umeporomoka. Kulia kulikuwa na ukingo wa udongo mwekundu, kushoto kabichi zilizopandwa kwenye mteremko kama zimetundikwa ukutani, na chini kabisa sauti ya maji. “Geuza,” akasema mjomba. Nabii Nuhu naye safina yake ilitua mlimani, lakini sijasikia popote kwamba aliigeuza.

Gari lilipokaa kimshazari tu, watu wakachipuka. Kijana mwenye tenga la karoti akajiteua utingo: “Kata kulia! Kata yote! Njoo, njoo, njoo…” Mwenzake upande wa pili: “Simama! Tairi liko hewani!” Mjomba, ambaye alishuka mapema sana, akapaza sauti: “Kaza moyo!” Noah ile ni otomatiki. Ina P, R, N na D, moyo haumo.

Halafu kuna adabu. Bibi mmoja akapita na mzigo wa kuni kichwani. Mguu wangu unatetemeka juu ya breki, gurudumu la nyuma linazichungulia kabichi, lakini mkubwa lazima aamkiwe. Nikatoa kichwa dirishani. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Habari za mjini?”

“Nzuri, bibi.”

“Na watoto?”

“Wazima, bibi.” Niliomba Mungu baba yao naye abaki hivyo hivyo.

Hapo nikamkumbuka mzee wa chai. Nikashauri tuchimbe kidaka kwenye ukingo, futi 2 tu, pua ya gari ipate pa kuingia. Jembe likapatikana. Akapatikana na mwenye shamba la juu ya ukingo. “Wazee wa Matombo walimgomea mkoloni kuchimba matuta mwaka 1955,” akasema, “ndiyo mimi nikuchimbie wewe na kibasi chako?” Mjomba akamuunga mkono! Wakaanza kuulizana koo, na punde ikabainika kuwa wote ni wa ukoo mmoja. Nikawa sasa na wajomba wawili wanaoelekeza, mmoja kulia, mwingine kushoto, na kila mmoja akiulizwa anasema kulia ni kwake.

Mwishowe hatukuligeuza, tulilibeba. Vijana waliinama kwenye bampa ya nyuma, “Moja, mbili, tatuuu!”, tezi ikaruka kando kiganja kimoja. Wakapumua, wakashauriana, wakarudia. Tulimaliza saa moja na nusu hivi, omo ikatazama Sangasanga. Matope yalinifika mpaka sikioni, na sikuwa nimeshuka. Sijui yalipitia wapi.

Nikawagawia hela ya soda, nikafunga mkanda, nikawasha gari. Bibi alikuwa anarudi, safari hii na mzigo wa pili wa kuni. Akasimama, akaliangalia gari lilivyoelekea chini, akasikitika kweli.

“Jamani,” akasema, “mmefika sasa hivi tu, mnaondoka hata hamjala?”

Mjomba alishakuwa amefungua mlango.