Barua ya wazi kwa kiwanda kisichoandika jina lake

Mkurugenzi Mkuu,
Kiwanda Kisichoandika Jina Lake Kwenye Boksi,
S.L.P. haikutajwa.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SIDII MLIYOIWEKA NDANI YA BOKSI LA ADAPTA YA WI-FI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye steshenari, Tandika, Dar es Salaam. Natoa kopi, naprinti, naandika sivii, na msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, vijana hupanga foleni mpaka barazani ili niwajazie fomu mtandaoni. Kompyuta zangu ni za mtumba, sipiyu nzito zilizotoka kwenye maofisi ambako waya wa intaneti hutokea ukutani. Wi-Fi hazina. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mteja wenu.

Nianze na shukrani. Adapta yenu ni ya bei nafuu, haichukui nafasi, na taa yake ya bluu inapepesa kwa furaha hata pale isipofanya kazi yoyote. Boksi limeandikwa kwa Kiingereza cha herufi kubwa kwamba ni kuchomeka na kutumia. Nilichomeka. Kwenye orodha ya vifaa vya Windows pakatokea alama ya njano ya mshangao, na chini yake namba 28, ambayo maana yake ni kwamba kifaa hiki hakina draiva.

Ndipo nikakumbuka sidii. Ni nzuri sana, Ndugu Mkurugenzi: sentimita 8 za kung'aa ndani ya bahasha ya karatasi yenye dirisha. Tatizo ni dogo tu, kwamba laptopu zinazouzwa siku hizi hazina pa kuiweka, na sipiyu zangu zilizokuwa na mahali hapo zilishatafuna sidii ya mwisho zamani. Nyuma ya bahasha mmeshauri kwa upole kwamba asiye na pa kuchezea sidii aingie kwenye tovuti yenu apakue draiva mpya. Yaani ili nipate intaneti nahitaji draiva, na ili nipate draiva nahitaji intaneti. Mmeniuzia ufunguo mkaufungia ndani ya chumba unachokifungua, halafu mkaandika kwenye mlango: karibu ndani.

Najua wenzenu wengine wamebuni dawa. Draiva wanaificha ndani ya adapta yenyewe. Ukiichomeka, inajitambulisha kwa kompyuta kuwa ni sidii. Ukishasakinisha kilichomo, inavua joho na kukiri kuwa kumbe ni Wi-Fi. Ujanja huu tuliuzoea tangu enzi za modemu za 3G. Ukitumia Windows huenda usiuone kabisa. Kwenye Linux ilibidi watu waandike programu nzima, usb_modeswitch, ambayo kazi yake kubwa ni kuvibembeleza vifaa vya namna hii viache kujifanya sidii. Nawapongeza kwa kutofika huko. Nyinyi mmebaki na sidii ya kweli.

Tuje kwenye jina la bidhaa. Nilinunua adapta mbili, maboksi yanafanana mpaka koma, namba ya modeli ni ileile. Draiva iliyokubali kwenye moja ikakataa kwenye nyingine. Nikaigeuza ile ya pili, nikaimulika kwa tochi ya simu: karibu na meno ya USB, kwa maandishi ambayo sisimizi angeomba miwani, mmechapa „V3”. Kumbe ndani mlishabadilisha chipu. Nje mkaacha jina lilelile, bila shaka kwa kutotaka kututia wasiwasi.

Kitambulisho halisi cha kifaa kimo ndani yake. Kila kifaa cha USB kinabeba namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, na Windows inazionyesha ukifungua maelezo ya kifaa. Yangu ilianza na 0BDA, ambayo ni ya Realtek wa Taiwan. Sina ugomvi na Realtek. Chipu zao zimejaa duniani, na nyingi zinafanya kazi. Ninachouliza ni kwa nini namba hizo, zenye tarakimu nne kila moja, zikose nafasi kwenye boksi ambalo limepata nafasi ya kuchora roketi.

Mkiwa mmelala huko kwenu, mimi niliingia mtandaoni kwa simu kutafuta. Nikakuta ukurasa wenye vitufe vitano vya kijani vya kupakua, na kile cha kweli ni cha sita, cha kijivu, chini kabisa. Mwingine ulinipa programu ya kusasisha madraiva yote kwa mpigo. Ikakagua kompyuta, ikapiga yowe kwamba draiva nyingi zimepitwa na wakati, nyingine za tangu 2006, ikaomba nilipie kwanza. Basi kwa kuwa ninyi hamkunidokeza, nimdokeze mwenzangu anayesoma hapa: draiva zinazokuja na Windows zimeandikwa tarehe 21 Juni 2006 makusudi, ili draiva ya mtengenezaji ionekane mpya kuliko ya Microsoft na ndiyo ichukuliwe. Raymond Chen, mfanyakazi wa Microsoft, alilieleza jambo hili hadharani. Intel nao wameziandika baadhi ya zao 18 Julai 1968, siku ilipoanzishwa kampuni yenyewe. Programu inayokuuzia dawa ya draiva ya 1968 inakuuzia dawa ya sherehe ya kuzaliwa.

Mausi yangu isiyo na waya, ambayo ni ya bei ya chini kuliko adapta yenu, haikuniuliza sidii. Wenye USB walikubaliana tangu miaka ya 1990 namna moja ya mausi na kibodi kuzungumza na kompyuta, na Windows inaijua. Wi-Fi haikubahatika, kila ukoo wa chipu una mambo yake. Hilo nawaelewa. Ndiyo maana nilitegemea kwamba mwenye kuyajua mambo ya chipu yake angekuwa wa kwanza kunieleza.

Aliyenieleza ni kijana wa jirani anayeuza bando na vocha. „Mzee, chomeka simu kwa waya, washa kushea intaneti kwa USB, uone.” Windows ikaitambua simu papo hapo bila kudai chochote, intaneti ikaingia, na baada ya kitambo Windows ikaenda yenyewe kuchukua draiva ya adapta yenu kwenye ghala la Microsoft. Ilikuwepo huko muda wote. Maelekezo yale yangetosha kwenye mistari miwili ya boksi. Mngeweza hata kuipunguza roketi.

Mtasema draiva ikishaingia mambo yamekwisha, masasisho ni ya nini. Mwaka 2016 kampuni ya usalama ya Marekani iitwayo Bastille ilionyesha kwamba mausi na kibodi nyingi zisizo na waya na zisizotumia Bluetooth, za watengenezaji kadhaa wakubwa, zilimruhusu mtu aliyekaa hadi mita 100 kuandika kwenye kompyuta yako kupitia kile kipokezi kidogo cha USB. Wakaliita tatizo hilo MouseJack. Logitech walitoa marekebisho. Vipokezi vingine havikuumbwa vya kurekebishwa, na dawa yake ni ndoo ya taka. Agosti 2021 ikawa zamu ya Razer: mtu akichomeka mausi yao, Windows ilijiletea programu yao ya kusakinisha, na kupitia dirisha lake mtu yeyote aliyekaa mbele ya mashine aliweza kujipa mamlaka yote ya kompyuta. Wao pia walirekebisha. Ninyi hamjawahi kushikwa na aibu ya sasisho bovu, kwa kuwa ukurasa wenu wa draiva una faili moja tu, na linasema ni la Windows 7.

Wapo waliofanya kazi yenu bila kulipwa nanyi. Mmarekani mmoja, Larry Finger, mwanasayansi aliyestaafu, alitumia miaka mingi kurekebisha draiva za Wi-Fi za Linux, zikiwemo za chipu za Realtek. Alifariki mwaka 2024. Kama kiwanda chenu kina ukuta wa kutundika picha, naomba yake itangulie ya kwenu.

Kwa hayo naomba mambo haya. Chapeni nje ya boksi aina ya chipu na zile namba mbili, kwa ukubwa wa maandishi mnaoutumia kwenye bei. Mkibadilisha chipu, badilisheni na jina. Sidii zilizobaki ghalani msizitupe: mkulima mmoja wa mpunga, mteja wangu, amezitundika shambani na anasema ndege hawarudi. Anaulizia kama mna za sentimita 12.

Wako mtiifu, nikiwa hewani kwa waya wa simu,

Mwenye Steshenari, Tandika.

Nakala:
1. Kijana wa dukani Kariakoo, aliyeniambia, „Hiyo haina mambo mengi, mzee wangu.”
2. Idara yenu ya Msaada kwa Wateja, kwa baruapepe iliyorudi ikisema anwani haipo.