Mjomba Spana Anakujibu: Imepakwa Rangi, Haiwaki

Safu hii ni ya waliotendwa na injini. Wenye barua za mapenzi wampelekee shangazi, yeye ana subira.

*Shikamoo Mjomba. Nina Honda C70 ya marehemu babu, ya miaka ya sabini. Niliikuta bandani imetagiwa na kuku, nikaipeleka kwa fundi. Akashusha injini: ringi mpya, valvu mpya, silinda imechongwa. Bodi nayo ikapigwa rangi nyekundu, kila anayepita anaisifu. Ila haiwaki. Napiga kiki mpaka mguu umevimba. Nimebadilisha plagi, nikabadilisha koili, nikabadilisha kabureta. Sasa fundi anasema kuna mtu mtaani ana mkono mbaya. Nifanyeje? – Mguu Mmoja, Tabata*

Marahaba, Mguu Mmoja, na pole. Kwanza tuwaondolee majirani tuhuma. Honda walianza kuunda pikipiki za ukoo huo mwaka 1958, na ilipofika 2017 zilikuwa zimepita milioni 100. Mchawi wa kuziweza zote hizo hayupo, na angekuwepo asingeanzia Tabata.

Injini inataka petroli iliyochanganyika na hewa, inataka mgandamizo, inataka cheche, na cheche yenyewe ije kwa wakati wake. Wewe umenunua vipuri vitatu kabla ya kuuliza kipi kinakosekana. Sasa hata kama kosa la kwanza liliondoka, huenda kabureta ya dukani imekuja na la kwake. Rudisha ile ya babu, isafishe, tuanze upya.

Piga kiki mara tano sita, kisha toa plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Kagua koki, mpira wa mafuta na kichujio, na umeme uuache kwanza. Ikiwa imelowa, petroli imefika na ugomvi uko kwingine. Chomeka plagi kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini, mbali na lile tundu ulikoitoa, maana mvuke wa petroli unaopumuliwa pale haukawii kushika moto. Piga kiki ukiwa kivulini. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ya njano, nyembamba kama uzi, itaruka vizuri hapo nje lakini ikikutana na mgandamizo ndani ya silinda inakata tamaa.

Usipoona cheche kabisa, ninayemshuku mimi ni ile rangi nyekundu. Kwenye C70 koili imefungwa kwenye fremu, na umeme wake unarudi kupitia fremu hiyohiyo. Fundi wa rangi, Mungu ambariki, amepaka mpaka ndani ya matundu ya boliti, na rangi haipitishi umeme. Kwangua panapokaa koili, na panapokaa injini, mpaka chuma kionekane. Najua inauma. Kama bado, fuata waya mweusi wenye mstari mweupe, chomoa lile tawi linalokwenda kwenye swichi ya ufunguo tu, la koili liache. Kazi ya tawi hilo ni kuua cheche unapozima. Cheche ikirudi baada ya kulichomoa, swichi ndiyo mwizi wako.

Cheche ipo, plagi inalowa, na bado kimya? Hapo wa kuhojiwa ni fundi, kwa heshima zote. Aliyegusa injini mara ya mwisho ndiye anayejua alichoacha humo, hata kama mwenyewe hajijui kwamba anajua. Mwambie afungue kifuniko cha pembeni cha silinda hedi ukiwa umesimama hapo. Sumaku ya kushoto ina alama ya T. Ikikaa sawa na alama ya kwenye bodi ya injini, kiduara kilichochongwa kwenye gia ya kemshafti lazima kitazamane na mkato ulioko kwenye hedi. Cheni ikikaa jino moja pembeni, valvu zinafunguka saa za watu wengine. Kuna na alama ya F: hapo ndipo kontakti pointi zinapotakiwa kuanza kuachana, na zikiachana kabisa pengo liwe milimita 0.3 hadi 0.4. Kama nyundo ilitumika kuitoa sumaku, omba kuiona ile kabari ndogo ya nusu mwezi inayoishikilia kwenye kranki. Ikiwa imekatika, alama zote hizo zinasema uongo.

Halafu valvu. Mafundi wengi huzibana ili zisigonge. Hiyo injini inataka uwazi wa milimita 0.05 ikiwa baridi; ukiukosa, valvu hazifungi na mgandamizo unavuja. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Kidole kisiposukumwa kwa nguvu, hata koili ya dhahabu haitakusaidia.

Fundi akikuambia yeye alama hazitumii, anakwenda kwa mazoea, mlipe hela ya soda uondoke na pikipiki yako.

*Mjomba, nimefufua vespa ya zamani. Nilisikia injini ikitoka kufunguliwa inapenda oili, nikachanganya nusu lita kwenye tangi moja. Siku ya kwanza ulitoka moshi mpaka watu wakaita zimamoto. Tangu hapo haijawaka. – Mpenda Oili, Unguja*

Hiyo petroli hukuichanganya, umeikaanga. Vespa nyingi za kuanzia miaka ya sitini zinataka asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Zile kongwe, za baada tu ya 1946, zilikunywa zaidi, kwa hiyo tazama kitabu cha modeli yako. Mwaga yote. Funga koki, toa plagi, zungusha ekseleta mpaka mwisho, piga kiki mpaka kilichozama ndani kitoke. Weka plagi mpya. Isipowaka niandikie tena, tuzungumze habari za sili za kranki.

*Mjomba, mimi si mwenye pikipiki, mimi ni mwenye nyumba. Mume wangu amefufua Honda CG 125 ya zamani. Kabureta ameioshea jikoni, kwenye sufuria yangu ya wali. Inawaka vizuri, inafika kona ya msikiti, inazima. Akingoja kidogo, inawaka tena. Juzi alisahau kufunga kifuniko cha tangi, akaenda sokoni na kurudi bila kuzimikiwa. Anasema ni bahati. Niiuze chuma chakavu? – Mama Sufuria, Tanga*

Usiuze, dada. Uchunguzi umeshaumaliza wewe mwenyewe. Kifuniko cha tangi kina kitundu cha hewa, na fundi wa rangi huwa anakiziba. Petroli inatoka, hewa haiingii, mwisho petroli inagoma kushuka. Siku ikizima tena kwenye kona, afungue kifuniko: akisikia hewa inavutwa ndani, ndiyo hiyo. Kitundu kizibuliwe kwa sindano, na asithubutu kuendesha tangi likiwa wazi juu ya injini ya moto.

Petroli ikiingia tena jikoni, zima jiko kwanza, ugomvi ufuate. Sufuria hiyo sasa ni yake. Akununulie nyingine, kubwa kuliko ile.

Mwezi uliopita kuna bwana wa Tanga aliniandikia kuuliza bei ya kabureta mpya ya CG. Mwambie jibu lake limetoka.