Sifa za Spana ya Plagi

Wapo wanaosifu timu zao, wapo wanaosifu wabunge wao, wapo wanaosifu simu walizonunua jana. Mimi leo, hapa Nangara mjini Babati, Mlima Kwaraa ukiwa shahidi, naomba nisifu kipande cha bomba la chuma, urefu wa kiganja, chenye kutu kidogo kiunoni. Nasifu spana ya plagi.

Nianze na unyenyekevu wake. Haina sura ya kujivunia. Chini ina pembe sita za kukumbatia plagi, juu ina matundu mawili yanayotazamana ya kupitishia kifimbo cha kuzungushia, basi. Ukiiacha mezani, mgeni atadhani ni kipande kilichobaki fundi bomba alipoondoka. Mama watoto wangu aliitumia miezi miwili kuzuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Spana haikulalamika, wala haikudai kwamba yenyewe ni chombo cha injini.

Sifa ya pili ni uaminifu. Kila gereji ina spana moja yenye taya la kufungua na kubana, ambayo mafundi huiita, wazee mnisamehe, spana malaya. Jina ililipata kwa matendo. Leo iko na nati ya 12, kesho ya 19, keshokutwa iko kwenye koki ya tenki la maji, na kila ilikopita kona za nati zimelika. Spana ya plagi haijui mambo hayo. Ya milimita 16 itabaki ya 16 mpaka kufa. Ipelekee plagi ya 21, zile za magari mengi ya zamani, itakataa kuingia. Ipelekee ya 14, zilizokuja na baadhi ya injini za siku hizi, itapwaya na kuzunguka bure. Mwenye magari ya rika tofauti hana budi kuoa mitala ya spana, na kila mke anadai gari lake.

Malaya huyo hata akitaka, hawezi kuifanya kazi hii. Kwenye Toyota nyingi tunazoendesha hapa, plagi imekaa chini ya shimo refu, na juu yake imefunikwa na koili. Taya halifiki. Soketi ya kawaida nayo ni fupi: inagonga kichwa cheupe cha kauri kabla haijashika chuma, na kauri ikipata ufa, plagi mpya imekuwa takataka kabla haijawaka. Sharti liingie bomba refu, jembamba, lenye mpira ndani wa kuishika plagi isidondoke. Yaani kile kile kilichokuwa kinazuia mlango.

Mfalme hatembei peke yake, kwa hiyo niwataje na watumishi wake. Yupo spana namba 10, anayefungua bolti ya koili kisha anapotelea kwenye nyasi. Wapo racheti na ekstensheni. Yupo fila geji, visu vyembamba vya kupimia mwanya ambao cheche inauruka, takribani milimita moja. Na kwa sisi wa Babati, yupo pampu ya baiskeli. Msicheke. Gari lililotoka Galapo wakati wa kiangazi lina vumbi la kutosha kupanda bustani ndani ya mashimo ya plagi. Ukifungua bila kulipuliza kwanza, umelikaribisha ndani ya silinda.

Sifa ya tatu: spana hii inafundisha subira kwa viboko. Mwenye haraka hufungua plagi injini ikiwa ya moto, akaziharibu thredi za kichwa cha aluminiamu, kisha akajifunza bei ya kichwa kipya. Anayeiheshimu husubiri mpaka aweze kulaza kiganja juu ya injini. Wakati wa kufunga, huanza kwa vidole, bila racheti, mpaka plagi ikae yenyewe. Ikishakaa, plagi mpya yenye washa huongezwa mzunguko nusu na kidogo tu. Kifua cha mwanamume hakihitajiki hapo.

Sifa ya nne ni elimu. Étienne Lenoir aliwasha injini yake ya gesi kwa cheche ya umeme mwaka 1860, na Gottlob Honold wa Bosch akaleta plagi ya umeme mkali mwaka 1902. Wote wamo vitabuni. Lakini ni nani aliyetuwezesha sisi wa kibarazani kuuona uso wa plagi? Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, plagi hupiga cheche 1,500, na kila cheche inaacha habari. Uso wa kahawia hafifu: injini ina afya. Masizi makavu meusi: inakunywa petroli kupita kiasi. Umelowa oili: ringi au sili za vali zimechoka, anza kuweka akiba. Mweupe kama chokaa: moto umezidi. Gari langu lilipomisi kwenye mlima wa Dareda, fundi mmoja aliniambia nibadilishe pampu ya mafuta. Spana ikanitolea plagi ya tatu, nyeusi kama sufuria ya shughuli. Nikabadilisha plagi, nikapanda mlima.

Sifa ya mwisho ni ujirani, na hapa sauti yangu inatetemeka kidogo. Kwa kuwa spana hii inahitajika mara mbili kwa mwaka, mtaa mzima unaona hakuna haja ya kuwa na zaidi ya moja. Jumapili iliyopita kijana wa bodaboda alisimama mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba ile spana ya plagi, dakika tano tu."

Nikampa. Jumatatu nikaambiwa imeonekana Maisaka. Jumatano ilikuwa Bagara, kwa mtu mwingine kabisa, ikifungua pikipiki ya mtu wa tatu. Katika wiki moja imewatembelea jamaa ambao mimi sijawasalimu tangu Krismasi.

Basi wewe uliye nayo sasa, ndugu yangu, nakuomba uirudishe. Plagi zangu mpya zipo mezani. Injini imepoa tangu Jumapili, na mlango wa jikoni unabamizwa na upepo usiku kucha.