Mashine Isiyo na Mtu

Tangazo niliandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino mnene, nikalibandika mlangoni: ZIMA MASHINE ISIYO NA MTU. Yuniti za umeme wa LUKU zilikuwa zinayeyuka kama barafu, na mkuu wa shule alishaniangalia kwa jicho baya mara mbili.

Nilikuwa mwalimu wa kompyuta, na fundi wake pia, kwenye shule moja hapa Kihesa, Iringa. Tulipewa msaada wa kompyuta 15, kuukuu, nyingi hazina hata diski. Dawa yake ilikuwa Edubuntu, toleo la shule la mfumo endeshi wa Ubuntu, lililoanza mwaka 2005. Ubuntu maana yake ni utu, na kweli mfumo wenyewe ulikuwa na ujamaa: seva moja yenye nguvu ilibeba kazi yote, zile kuukuu zilivuta kila kitu kwake kupitia waya wa mtandao. Jiko moja, sahani 15. Seva yenyewe haihitaji kioo wala kibodi. Niliiweka juu ya stuli pembeni, ikawa inanguruma peke yake kama mtu anayesali.

Tangu nibandike tangazo, kila asubuhi nikawa naikuta imekufa. Nikiiwasha inaanza kukagua diski yake taratibu, kama karani anayehesabu sarafu, huku wanafunzi 40 mlangoni wakipuliza viganja vyao kwa baridi.

Nikashuku umeme. Majirani wakaniambia taa zao zimewaka usiku kucha. Nikanunua UPS, asubuhi UPS inawaka taa ya kijani, seva maiti. Nikashuku joto. Nikafungua kasha, nikafuta vumbi kwenye feni, nikaandika kwenye daftari la matengenezo: "Mashine inazidiwa na joto." Hayo niliyaandika mwezi wa saba, Kihesa, nikiwa nimevaa sweta mbili.

Mwisho nikaamua kulala humo humo, nyuma ya kabati, nimejifunika blanketi. Saa nne usiku mlango ukalia. Akaingia mzee wetu wa ulinzi, kurunzi mkononi, koti mpaka magotini. Akalisoma tangazo kwa sauti, neno moja moja. Akapita meza kwa meza akimulika viti. Alipofika pembeni akasikia mngurumo. Akamulika: hakuna kiti, hakuna kioo, hakuna mtu. Akatikisa kichwa, akabonyeza.

"Shikamoo, babu," nikasema kutoka nyuma ya kabati.

Kurunzi ilidondoka. Aliiokota kwanza, akahema, ndipo akaitikia, maana adabu ni adabu: "Marahaba." Kisha akanisogelea, akashusha sauti. "Mwalimu, hii moja unaisahau kila siku. Yuniti zinaliwa bure. Mimi nakufichia tu, mkuu asijue."

Kulipokucha nikaibandikia seva karatasi yake: MASHINE HII ISIGUSWE NA MTU YEYOTE. Maradhi yakapona siku hiyo hiyo. Kwenye daftari sikuandika kitu.

Desemba ikashuka mvua ya kwanza kubwa. Kumbe bati letu lilikuwa na tundu ambalo kiangazi chote halikutuambia. Saa kumi na mbili asubuhi nikafika mbio, nikakuta maji sakafuni, na mzee amesimama pembeni, mwavuli wazi mkononi. Hakujifunika yeye. Aliifunika seva. Koti lake lilikuwa linachuruzika.

"Kamwene, mwalimu," akanisalimu, kana kwamba tumekutana njiani.

"Kamwene, babu. Umesimama hapa tangu saa ngapi?"

"Saa nane."

"Sasa si ungeisogeza tu?"

Akanielekeza kwa kidevu kwenye karatasi, iliyokuwa kavu kabisa.

"Ningeisogezaje bila kuigusa?"

Nikampokea mwavuli. Naye akaenda kuchuchumaa nyuma ya seva, pale feni inapotoa joto, akapasha viganja vyake kwa mbali kidogo, asije akaigusa.